Kitui hadi Moshi na begi mgongoni: shilingi 300 zilizotulaza macho

Skiza, kabla hujafunga begi. Kama uko Kitui, Wote au Kibwezi na umekuwa ukidhani kuvuka kwenda nchi nyingine ni mambo ya wenye pesa za ndege, chukua ramani uangalie vizuri. Ukiwa Kibwezi, Moshi ya Tanzania iko karibu nawe kuliko Kisumu. Mimi nilitoka Kitui mjini na Sh12,000 kwenye simu, begi moja la mgongoni na rafiki mmoja wa kike, na alasiri ya siku ya tatu tulikuwa Moshi tukila ndizi nyama.

Nilirudi nyumbani na kama Sh4,000. Rafiki yangu alirudi na hadithi ambayo ameniruhusu niiandike mradi nisimtaje jina, kwa hivyo humu nitamwita tu mwenzangu.

Nijitambulishe kidogo ndio ujue unaongea na nani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Bajeti ninayokupa ni ya mtu anayehesabu nauli ya kurudi kabla hajapanda gari la kwenda. Ukitaka habari za mahoteli yenye bwawa la kuogelea, hapa umepotea.

Sasa njia. Watu wengi wakisikia Tanzania wanawaza Nairobi, kisha basi la Namanga hadi Arusha. Hakuna ubaya. Namanga imekuwa na kituo cha pamoja tangu 2018, unatoka Kenya na kuingia Tanzania chini ya paa moja. Taveta na Holili pia ni hivyo hivyo. Lakini kwa mtu wa Kitui, kwenda Nairobi kwanza ni kurudi nyuma ndio uende mbele. Barabara ya Kitui, Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi siku hizi ni lami. Ukifika Kibwezi uko barabara kuu ya Mombasa. Unapanda kidogo upande wa Nairobi, unapita Makindu, unafika Emali, na pale Emali barabara inakata kushoto kuelekea Kimana na Oloitokitok, mguuni pa Kilimanjaro. Ng'ambo ni Tarakea, Rombo. Kutoka Tarakea gari linauzunguka mlima, Mkuu, Marangu Mtoni, Himo, mpaka Moshi.

Na tusijifanye tumeanza kusafiri juzi. Kikamba chetu kinaita safari kyalo, na mtoto wa kiume akizaliwa mama yake akiwa njiani, hilo ndilo jina analopewa. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alikuwa akipeleka misafara hadi pwani enzi za babu wa babu zetu. Mmisionari Krapf alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi huyo huyo. Hawakuulizwa muhuri. Sisi tutaulizwa, nitafika hapo.

Usiku wa kwanza tulilala Makindu, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu vijana wengi wa Makueni hupita hapo kila wiki bila kujua. Kando ya barabara kuu kuna hekalu la Makalasinga. Lilijengwa 1926 na jamii ya Masingasinga waliokuja na ile reli ya Mombasa hadi Kisumu. Mgeni yeyote akiingia analishwa bure. Sikosei, nimesema bure. Na nafasi ikiwepo, kuna vyumba vya wasafiri. Hawakuulizi dini yako, hawakuulizi kabila, hawakuulizi umeleta nini. Masharti ni machache na yanaeleweka: vua viatu, funika kichwa, usiingie na pombe, sigara wala nyama. Tulikula chapati, dengu na wali, tukanywa chai ya maziwa, tukaosha mikono tukatazamana kama watu walioiba.

Kuna sanduku la sadaka. Niliweka Sh500 na nakuomba nawe uweke chochote. Kuna watu wanafika pale, wanakula mara tatu, wanapiga picha na kuondoka, halafu wanajisifu kwamba wamesafiri bila kutumia hata shilingi. Chakula kile kuna mtu alikinunua. Ukiweza fika mapema, uombe nafasi kwa adabu, na wikendi uwe na mpango mwingine kwa sababu wageni wa kutoka Nairobi huwa wengi.

Nauli hadi hapo ilikuwa imenila Sh600, yaani Sh500 Kitui hadi Kibwezi na Sh100 Kibwezi hadi Makindu. Kesho yake Makindu hadi Emali Sh150, kisha Emali hadi Oloitokitok Sh350 baada ya kubishana na makanga aliyetaka begi langu lilipie kiti.

Oloitokitok ni baridi. Mtu wa Kitui hajui baridi, anadhani Julai asubuhi ndio baridi. Beba sweta. Tulitafuta loji, na hapa nikupe kautaratibu kangu ambako kameniokoa mara nyingi. Usilipe kabla hujaona chumba. Ukiingia usiangalie kitanda kwanza, angalia mlango. Je, unafungwa kwa ndani? Komeo limeshikilia ubao au linaning'inia kwa msumari mmoja? Fungua bomba uone maji. Washa taa. Kisha simama kimya usikilize chini kuna nini, kwa sababu loji nyingi za bei ya chini zimejengwa juu ya baa, na bei ile ya kupendeza unalipia kwa kutolala. Mimi hutembea na kufuli yangu ndogo na leso mbili, moja ya kutandika juu ya shuka la wenyewe.

Na dada zangu, mnajua lile swali la mapokezini: "Ni ya masaa ama ni ya usiku?" Jibu bila kuona haya, omba chumba kilicho karibu na mapokezi, na usiache mtu atangaze namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya wanaume waliokaa kwenye benchi. Tulipata chumba cha Sh700 kwa wawili. Asubuhi nilifungua dirisha mlima ukawa umejaa dirisha lote. Wazungu walipogawana hii nchi 1886, Mwingereza na Mjerumani walichora mstari ulionyooka kutoka Ziwa Viktoria, ukafika hapa ukapinda, mlima ukabaki upande wa Mjerumani. Utasikia watu wakisema malkia aliutoa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni porojo tu. Lakini mstari upo, na ofisi ziko juu yake.

Sasa tuongee karatasi.

Ili uingie Tanzania ukiwa Mkenya huhitaji viza na huhitaji kulipia kuingia. Unahitaji pasipoti, na unahitaji kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Pasipoti ya kurasa 34 ilipanda hadi Sh7,500 mwaka 2024, najua inauma. Lakini kuna hati ya muda ya kusafiria kwa nchi za Afrika Mashariki, unaiomba kwa eCitizen na kuichukua ofisi za Uhamiaji. Ada yake ni Sh300. Shilingi mia tatu. Shika hiyo namba. Chanjo nayo haianzi kuhesabiwa siku unayodungwa. Kadi inakuwa halali siku ya kumi baada ya sindano, kisha inakutosha maisha yako yote. Kwa hivyo ukidungwa Ijumaa usipange kuvuka Jumatatu.

Mimi nilikuwa na pasipoti niliyoichukua zamani nilipodhani naenda kufanya kazi Ghuba, na kadi. Mwenzangu alikuwa na kitambulisho. Mwaka uliotangulia alikuwa amevuka Busia kwenda Uganda na kitambulisho hicho hicho, hakuna aliyemsumbua, na ni kweli kabisa: Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 raia wao wapite kwa kitambulisho. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Mwenzangu hakuamini. "Si ni East Africa moja?" aliniambia tukiwa Makindu.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua tangu Kitui na nikasema kidogo tu, kwa mzaha, kisha nikanyamaza kwa sababu nilitaka tufike.

Asubuhi ile tukapanda boda, Sh150 kila mtu, twende mpakani. Kijana wa boda alisikia tukibishana akapunguza mwendo. "Madam, huyu asijali. Nampitisha huku juu, hakuna foleni, dakika kumi na tano. Mtanipa soo tano." Njia ya panya. Alisema kama mtu anayekuambia kuna duka la pili lenye mkate. Na kweli wenyeji wa pale wana shamba huku na shangazi kule, wanavuka kama unavyovuka wewe kwenda kwa jirani kuazima chumvi. Lakini wao wanarudi jioni kulala kwao. Sisi tulikuwa tunaenda kulala kwa watu.

Hata hatukuenda dirishani kuuliza. Mwenzangu aliniangalia, mimi nikaangalia chini, akapanda boda akapotea katikati ya mahindi.

Upande wangu ulikuwa wa kuchosha tu. Dirisha la Kenya, muhuri wa kutoka. Natembea, dirisha la Tanzania. Shikamoo. Kadi ya manjano. Unaenda wapi, siku ngapi, utafikia wapi? Hili la mwisho liandae. Andika jina la gesti moja ya Moshi kwenye karatasi hata kama hutaishia kulala hapo, kwa sababu mtu anayejibu "sijui, nitatafuta" anakaribisha maswali mengine kumi. Afisa akinigongea muhuri nilisoma siku nilizopewa kabla ya kuondoka dirishani. Soma nawe. Zikiisha ukiwa ndani, hiyo ni kesi nyingine.

Nje kuna vijana wa kubadilisha pesa na kikokotoo mkononi. Siku hizo shilingi yetu moja ilikuwa inaenda kwa karibu 19 zao kwenye duka la fedha. Mimi kwa haraka zangu nikabadilisha Sh3,000 kwa 17. Piga hesabu: nilipata 51,000 badala ya 57,000. Zile 6,000 zilizopotea ndizo nauli ya Tarakea hadi Moshi. Badilisha kidogo tu ya nauli na chai pale mpakani, nyingine ungoje mjini. Uhesabu noti wewe mwenyewe kabla hujatoa zako, na akikuomba azihesabu tena baada yako, mkatalie.

Mwenzangu nilimkuta stendi ya Tarakea akicheka, viatu vimejaa udongo mwekundu. "Umeona? Mimi nilifika kabla yako." Tulicheka mpaka Marangu.

Barabara ile ni nzuri kwa macho, migomba na kahawa pande zote, baridi inapungua kadiri unavyoshuka, ukifika Himo unavua sweta. Moshi ni mji safi, unatembeleka kwa miguu. Lakini jifunze lugha upya, Mkenya wewe. Kitui ukiingia hotelini unasema "leta chai na chapo mbili" na hakuna anayekasirika. Moshi ukisema hivyo mama anakutazama kama umemtukana ukoo. Kule unaanza na shikamoo, kisha "naomba", na bei inashuka yenyewe. Usiulize loji pia, uliza gesti. Chumba chenye choo na bafu ndani wanakiita selfu. Gesti ya kawaida unapata kwa shilingi 15,000 hadi 25,000 zao, yaani kati ya Sh800 na Sh1,300 zetu hivi, na nyingi ni safi kuliko loji zetu za bei hiyo, chandarua kipo, ndala za kuogea zipo chini ya kitanda.

Gesti ya kwanza tulipokelewa na mama mmoja mpole sana. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, karibuni, poleni na safari. Akafungua kitabu. Kila gesti Tanzania ina kitabu, na kina safu nyingi: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, namba ya kitambulisho au pasi. Nikaandika Mkamba, nikacheka kidogo kwa ile ya kazi, nikaandika mwandishi. Akatazama muhuri wangu, sawa. Akamgeukia mwenzangu.

"Na wewe dada, naomba pasi."

Mwenzangu akatoa kitambulisho.

"Hiki hakijagongewa, mwanangu."

Tukaanza kueleza, wote wawili kwa pamoja, na kadiri tulivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana ni uongo. Yule mama hakupandisha sauti. Alifunga kitabu polepole. "Kitabu hiki hukaguliwa. Wakija wakamkuta humu bila muhuri, mimi ndiye nitakayejibu. Wewe mwenye pasi lala. Huyu siwezi."

Ya pili, vivyo hivyo. Jua likawa linazama. Ya tatu tulielekezwa na mtu tuliyekutana naye njiani, na hapo mwenye kazi hakuwa na kitabu kabisa. Alitaka 30,000 kwa chumba ambacho hakikustahili hata 10,000, hakuuliza jina, na mlango haukuwa na komeo ndani. Nilisimama nikakumbuka utaratibu wangu wote mzuri niliokupa hapo juu. Tulilipa. Giza lilikuwa limeingia na hatukuwa na pa kwenda.

Hilo sikuwa nimeliwaza kamwe. Kitabu kile tunachokiona kama usumbufu ndicho ushahidi pekee kwamba ulilala mahali fulani usiku fulani. Gesti isiyoandika jina lako, asubuhi ukikosekana, hakuna aliyewahi kukuona. Tulisukuma kitanda hadi mlangoni tukakaa juu yake tumevaa viatu. Saa sita usiku mtu alijaribu kitasa. Labda alikosea chumba. Alikijaribu mara mbili. Mwenzangu alinishika mkono na hakuuachilia mpaka adhana ya alfajiri, na hatukuweza kumpigia mtu yeyote, kwani tungesema nini? Ukienda polisi, swali la kwanza ni pasi.

Nilikuwa nimepanga kesho yake twende maporomoko ya Materuni, tuone kahawa inavyokaangwa na kutwangwa. Sikuyaona. Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye gari la kurudi Tarakea, hatuongei. Pale tukaachana tena. Mimi dirishani, muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia, karibu nyumbani. Yeye boda nyingine, mtu asiyemjua, njia aliyokwisha kuiogopa.

Nilimngoja Oloitokitok kando ya kibanda cha chai. Dakika kumi na tano zikapita. Nusu saa. Simu yake ilikuwa haipatikani. Nilianza kutunga maneno nitakayomwambia mama yake Kitui, na kila nilipoanza, sentensi ya kwanza ilikuwa "Mwaitu, mimi nilijua." Saa nzima na dakika kadhaa baadaye akatokea kwa miguu, peke yake, akilia kwa hasira. Mtu wa boda alikuwa amesimama katikati ya shamba akadai mara tatu ya walichopatana. Alimpa alichokuwa nacho. Akamwacha hapo hapo, akatembea.

Tulirudi kulala Makindu. Safari hii hatukucheka tukila. Alivua viatu mlangoni, akajifunika leso, akala chapati moja, akalala masaa kumi na mbili.

Hesabu yangu yote, nauli, vyumba, chakula na zile 6,000 nilizochomwa mpakani, haikufika Sh8,000 kwa siku tano. Kwa hiyo usiniambie Tanzania ni ghali. Hesabu yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, na bado hajaniambia yote.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya simu yake: ombi la hati ya muda kwenye eCitizen, Sh300, imelipwa. Chini yake akaandika, "Materuni ni lini?"

Nimemwambia aende kwanza akadungwe, halafu ahesabu siku kumi.